Dagaa wa Kibirizi na viini vinne vya prosesa

Nilipoandika programu ya kujumlisha dagaa na migebuka wanaopokelewa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nilitaka viini vyote vinne vya prosesa (sehemu zake zinazokokotoa, kila moja kivyake) vifanye kazi kwa pamoja, kwa hiyo nikavigawia mafaili ya rekodi za kila siku na kuvipa sehemu moja tu ya kutunzia jumla. Kila nilipoiendesha jibu lilikuja tofauti, na karibu kila mara pungufu. Nilikesha nikitafuta chanzo, na hatimaye nikakiona: kiini cha kwanza kinasoma 400, na kabla hakijaandika, cha pili nacho kinasoma 400, cha kwanza kinaandika 430, cha pili kinaandika 450 juu yake, na kilo 30 zinapotea bila onyo lolote.

Ningeweza kuweka kufuli, ili kiini kimoja tu kiiguse jumla kwa wakati mmoja, lakini viini vingepanga foleni mlangoni. Nikahamia Haskell, lugha ya kuandikia programu ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1990. Humo thamani ikishaundwa haibadiliki, hivyo hakuna kiini kinachoandika juu ya jumla ya kingine, na fankisheni safi (kipande cha programu kisichogusa kitu cha nje) ikipewa kitu kilekile hurudisha jibu lilelile, popote na wakati wowote inapoitwa. Kila kiini kinabadili mabeseni na ndoo kuwa gramu, kinarudisha jozi ya jumla zake, moja ya dagaa na moja ya migebuka, kisha jozi hizo zinaunganishwa. (Natumia namba kamili kwa makusudi, kwani namba za desimali za kompyuta zikijumlishwa kwa makundi tofauti zinaweza kuachana katika tarakimu za mwisho.)

Hata hivyo, mara ya kwanza muda haukupungua hata kidogo. Haskell haikokotoi kitu mpaka kihitajike, hivyo viini vilikuwa vinaunda jozi tupu, dagaa upande huu na migebuka upande ule, huku hesabu yenyewe ikisubiri kufanywa na kiini kimoja mwishoni. Ilinibidi niagize kila jozi ikokotolewe hadi ndani kabla ya kurudishwa, na hapo ndipo viini vyote vinne vilipoanza kufanya kazi kweli.

Kilichobaki ni kusoma mafaili kutoka kwenye diski, kazi inayokwenda kwa zamu. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967: sehemu moja ya kumi ya kazi ikiwa haigawanyiki, kasi haiwezi kuzidi mara kumi, hata ukiwa na viini elfu. Kwa sasa nagawa kazi kwa mwezi badala ya siku, kwa sababu faili la siku moja ni dogo mno, na kulikabidhi kwa kiini kingine kulichukua muda mwingi kuliko kulihesabu.