PS2 ya bro iliyokaa uvunguni miaka 11, nimeifufua mwenyewe

Mafundi watatu waliniambia nitupe hiyo PlayStation. Watatu! Wa kwanza hata hakuifungua, aliinusa tu (na kweli ilikuwa inanuka) akasema braza hii biashara ilishaisha, tafuta PS3 yuzd. Wa pili akasema lenzi imekufa, akarudi kwenye simu yake. Wa tatu ndo aliyeniponza, nitamfikia.

Mashine yenyewe ni PS2 ile nene, modeli SCPH-50004, ya bro wangu alipokuwa na banda la gemu Mbagala, enzi zile mia mbili mechi moja ya Winning Eleven, lile gemu la mpira, na ukifungwa unampisha mwenzio bila ubishi. Banda lilipokufa mashine zingine zikauzwa, hii ikabaki kwa sababu ilikuwa haisomi diski, maza akaisukumia uvunguni ndani ya boksi la ndala na ndo ikawa imesahaulika hivyo mpaka tulipohama nyumba.

Kufungua si kazi, skrubu ziko chini zimefichwa na viraba na vifuniko vidogo, unatoa zote unafunua. Ila ule mfuniko wa juu usiuvute kwa pupa, kuna fleksi, waya bapa mwembamba kama karatasi, inayoenda kwenye kitufe cha kuwashia, ukiikata hiyo umeshajiongezea kazi ambayo hukuwa nayo.

Sasa nilipofunua. Jamani. Mende! Na siyo mende wawili watatu, ni mtaa mzima, una wazee na wajukuu. Mende wanapenda joto na giza na PS2 ina vyote viwili, wakati banda linafanya kazi mashine zilikuwa zinawaka asubuhi mpaka usiku, kwao ilikuwa hoteli. Kwenye feni walikuwa wamebandika yale mayai yao ya kahawia kama vipunje vya maharage, na chini kabisa kwenye ubao kulikuwa na tabaka la mavi yao, ukiangalia haraka unaweza kudhani mtu kamwaga majani ya chai. Mama Junior akachungulia mlangoni akasema hicho kitu kikiingia ndani mimi naenda kwetu, kwa hiyo kazi yote iliyofuata ilifanyikia barazani, kwenye stuli, majirani wakipita wananiuliza kama nimeanza ufundi redio.

Nilisafisha kwa brashi ya rangi ya inchi moja na mswaki wa zamani. Makava yalilowekwa na Omo yakakaushwa kivulini. Ubao nilipitisha spiriti, basi. Nilipofungia ikabaki skrubu moja sijui ya wapi, ipo mpaka leo kwenye kikombe, mashine inafanya kazi kwa hiyo naona haikuwa na umuhimu.

Nikawasha, taa nyekundu ikageuka kijani, nilipiga kelele mtoto akaamka. Nikaweka diski. Ikazunguka kidogo, krr krr, halafu ile skrini nyekundu inayokwambia weka diski ya PlayStation. Kama uliwahi kushinda banda la gemu unaijua ile skrini, ndo ilikuwa inamaliza mia mbili za watu.

Hapo ndo nikaenda kwa yule wa tatu, fundi simu jirani. Akaniambia kwa kujiamini kabisa, "Chukua pamba, pitisha thina kidogo kwenye lenzi, mbona rahisi." Na mimi akili zangu nikaziacha nyumbani, nikapitisha. Thina inasafisha ubao wa simu vizuri tu, hilo sikatai, lakini jicho la leza ya PS2 ni plastiki! Nililiangalia hivi hivi likigeuka, lilikuwa linang'aa kibluu, ndani ya sekunde chache likawa na ukungu mweupe kama mzee mwenye mtoto wa jicho. Nikajaribu kulifuta, nikazidi kulichuna. Sikuongea na mtu jioni ile. Na baadaye nilivyosoma soma nikagundua ilikuwa inatosha kijiti cha pamba na spiriti safi kidogo, tena bila kukandamiza maana jicho limekaa juu ya visipiringi vidogo vidogo.

Na ushauri mwingine wa kijinga ambao bado unazunguka: eti kuna kiskrubu kidogo pembeni ya lenzi, ukikizungusha inasoma tena. Itasoma ndiyo! Unailazimisha leza itumie umeme mwingi kuliko wake, inakupa wiki mbili za furaha halafu inazima moja kwa moja. Usikiguse. Cha kugusa, tena mwishoni kabisa, ni lile gia dogo jeupe pembeni linaloinua na kushusha reli ya lenzi, na kabla hujaligusa chukua rangi ya kucha ya mkeo weka alama lilipoanzia. Mimi nilitumia nyekundu. Niliambiwa ni ya bei ghali, sijui.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta lenzi nyingine, aina ya KHS-400C. Elfu ishirini na kitu, nadhani alianza thelathini na tano tukashuka shuka. Nikaifunga vizuri, fleksi imekaa, kila kitu kimenyooka. Naweka diski, kimya. Yaani hata ile krr krr ya mwanzo haipo. Nikatoa nikarudisha kama mara nne hivi, kimya. Kesho yake niko dukani nimebeba mashine nzima kwenye mfuko wa salfeti, napiga kelele kuwa nimeuziwa feki, muuzaji naye anapiga kelele kuwa nimeiunguza mwenyewe na kitu kikishatoka dukani hakirudi, watu wameshaanza kujaa.

Kwenye kona ya korido kulikuwa na mzee mmoja fundi deki, ana miwani imefungwa uzi, akaniita kwa kidole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo lenzi umeitoa breki?"

Nikabaki namwangalia. Breki gani tena? Akaigeuza, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi kitone cha risasi ya kuchomea, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, kimeunganisha vidoti viwili kwenye kale kaubao ka lenzi. Akasema, "Leza inaogopa ule umeme wa mwilini kwako, ukiishika tu unaweza kuiua, ndo maana kiwandani wanaifunga hapa. Usipoitoa haiwaki mpaka kiama." Akagusa na pasi yake ya kuchomea, tsss, kitone kikaondoka. Sekunde tatu! Nimepoteza siku mbili na heshima yangu yote Kariakoo kwa kitu cha sekunde tatu. Nikamuuliza mzee shilingi ngapi, akasema nimletee soda baridi. Nikamletea mbili, na moja kwa yule muuzaji, ambaye aliipokea bila kuniangalia.

Ikaanza kusoma, ila sasa ikawa na maringo. Diski za fedha, zile za DVD, inasoma. Zile zenye mgongo wa bluu, ambazo ni CD, inagoma. Ni kawaida hii kwa sababu ndani ya kile kichwa kimoja kuna leza mbili, ya CD na ya DVD, ndo maana unakuta mtu anakuapia mashine ni nzima kwa kuwa kajaribu gemu la DVD kama San Andreas peke yake. Kwangu tatizo lilikuwa grisi ya reli, ilishakauka ikawa kama nta. Nikaweka mafuta ya cherehani, yakatiririka mpaka chini. Nikaweka Vaseline, wiki moja tu ikawa imeshika vumbi lote la Mbagala. Mwisho jamaa wa fotokopi akanigaia grisi nyeupe kidogo kwenye bomba la sindano, nikapaka nyembamba, nikarudisha gia jeupe meno mawili kutoka kwenye rangi ya kucha, bluu zikasoma. Betri ya saa, CR2032, nikaweka mpya, ilikuwa kama buku mbili, maana kila nikiwasha inanidai tarehe.

Toka hapo nimeshazifufua nne na kuua moja. Niliyoiua ilikuja na mitumba ya Japani, nzuri, haina mkwaruzo, nikaichomeka ukutani nikasikia pah na moshi. Za Japani zinakula volti 100, sisi tuna 230, na imeandikwa nyuma kwenye stika, mimi sikusoma. Hiyo sasa hivi ni skrapa ya skrubu. Na kuna PS1 nimeipata juzi, ile ya kijivu, inasoma ukiilaza kichwa chini tu, kama tulivyokuwa tunafanya zamani bila kujua sababu, kumbe njia ya plastiki inayopitia lenzi ilikuwa inalika na joto, lenzi inalala upande, ukiigeuza inarudi kukaa sawa. Hiyo nitaifungua nikipata nafasi.

Sasa ile ya bro. Siku iliyokamilika nikachomeka na memori kadi yake ya zamani, ile ya megabaiti 8, ina herufi zake za kalamu ya maka pembeni. Wengi hawajui, ile minara inayotokea mwanzo ukiwasha PS2 siyo pambo, inaota kutokana na magemu uliyocheza na umecheza kiasi gani, na kumbukumbu inatoka kwenye memori kadi. Mashine mpya inakuonyesha uwanja mtupu. Ya bro ikafunguka minara imejaa kama maghorofa ya Posta, Dar, mirefu, mifupi, imebanana. Banda zima la Mbagala lilikuwa mle.

Nikampigia video, yuko Mwanza siku hizi. Akaangalia kimya muda mrefu kidogo, nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Kwa hiyo mashine yangu unaituma lini?"

Nimemwambia alipe lenzi kwanza.