Backstreet Boys bado wanatuweza

Jana jioni kwa mat ya Buru dere akaweka I Want It That Way ya Backstreet Boys, ile boyband ya Marekani, gari nzima ikaimba, hadi konda, hadi mama mmoja wa kiondo aliyekuwa amenuna tangu tao. Manze hiyo ngoma ni ya 1999! Waliiandika Waswidi, Max Martin na Andreas Carlsson, Kiingereza si lugha yao ya mama so labda ndio maana maneno hayashikani, na kuna version ingine yenye maneno yamenyooka ilirekodiwa lakini Backstreet Boys wenyewe wakasema zii, turudi kwa ile ya kwanza. Uingereza ikashika namba 1, Marekani ikafika 6 tu, wueh. Mimi sijawahi elewa wanataka nini haswa, but pale mwisho sauti zikipanda... nilipitishwa steji yangu.