Nilivyohama kutoka brashi hadi pampu kwenye mapanga ya turbaini ya upepo

Kwa miaka kadhaa tulitengeneza mapanga ya turbaini ndogo za upepo, ya mita 3 kila moja, kwa brashi na rola. Unatandika kitambaa cha nyuzi za kioo ndani ya kalibu, unakilowesha epoksi (rezini ya maji maji inayoganda kuwa ngumu), unatandika kingine juu yake, unakandamiza, hivyo hivyo hadi tabaka la mwisho. Harufu unaizoea, ingawa hupaswi kuizoea. Kilichotukera zaidi ni mizani. Mapanga matatu ya turbaini moja yasipolingana uzito, mnara wote hutikisika, na yetu yalipishana hadi gramu 700. Dawa yetu ilikuwa kutoboa panga jepesi na kulijaza rezini iliyochanganywa na chembe za risasi. Viraka hivyo vilinitia aibu.

Siku moja nilikata kipande kwenye panga lililokataliwa, nikakipima, nikakitia kwenye tanuri la nyuzijoto 600 hadi epoksi yote ikaungua, nikapima tena kilichobaki. Kioo kilikuwa asilimia 56 tu ya uzito. Maana yake tulikuwa tunapandisha mnarani rundo la rezini, na ilhali zinazobeba mzigo ni nyuzi. Nikasema basi, tuhamie njia ya kufyonza.

Njia yenyewe ni hii: vitambaa hutandikwa vikavu, hufunikwa kwa nailoni iliyobandikwa pembezoni kwa utepe unaonata, pampu huvuta hewa, kisha koki hufunguliwa na rezini huingia yenyewe. Kazi ya rola hufanywa na hewa ya nje, inayokandamiza nailoni kwa takriban tani 10 kwa kila mita ya mraba. Ukisikia hivyo unaona kazi imekwisha. Panga la kwanza tulilitupa.

Kosa lilikuwa langu. Niliweka mpira wa kuingizia rezini kwenye shina la panga na wa kunyonyea kwenye ncha, kwa sababu ndivyo jicho linavyotaka. Rezini ilikwenda vizuri, ikapunguza mwendo, na kabla haijafika mita 2 ikaanza kuganda. Muda wa kujaza haukui sawasawa na umbali. Hukua kwa mraba wake. Umbali ukiwa mara mbili, muda ni mara nne. Safari iliyofuata nililaza mpira uliosokotwa kama springi katikati ya panga, kutoka shina hadi ncha, ili rezini itoke hapo kwenda kingo zote mbili. Badala ya mita 3, sasa ilikuwa na sentimita 15 tu kila upande, na panga lililokuwa likigoma likajaa kabla sijamaliza chai.

Lakini lilijaa vibaya. Lilikuwa na vijipovu vingi kama mkate, na hapo ndipo nilipopoteza wiki nyingi kuliko mahali pengine popote. Nililaumu rezini, nikabadilisha chapa. Nikalaumu pampu, nikabadilisha mafuta yake. Fundi mmoja mkubwa kwangu kiumri, aliyewahi kutengeneza boti, alinitazama siku mbili nzima kisha akaniuliza, “Kijana, ukizima pampu, geji inasemaje?” Sikuwa nimewahi kuizima.

Tuliizima. Tulikuwa tumefika milibari 8 (kipimo cha mkandamizo wa hewa iliyobaki ndani; kadiri kilivyo kidogo ndivyo bora), na ndani ya dakika 10 geji ikapanda hadi 90. Nailoni ilikuwa inavuja kama kikapu, ila pampu ilikuwa na nguvu za kutuficha. Kila tundu dogo lilipitisha hewa moja kwa moja ndani ya rezini.

Tangu siku hiyo tulijiwekea sharti: koki haifunguliwi mpaka tuzime pampu dakika 15 na geji isipande zaidi ya milibari 10. Kutafuta mvujo nako ni ufundi wa pekee. Tunazima feni, tunanyamaza wote, na mmoja anachukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine anaitembeza pembezoni mwa utepe. Mvujo unalia kama mbu. Zipo mashine za kusikiliza sauti hizo, ila mpira ulitutosha. Mhalifu mkuu alikuwa uzi mmoja wa kioo uliolala chini ya utepe. Huuoni, lakini hewa hupita kandokando yake kama kwenye bomba. Dawa ni kuufunika ukingo wa kalibu kwa karatasi ya kunata wakati wa kutandika vitambaa, na kuibandua dakika ya mwisho kabla ya kuweka utepe. Na kalibu yenyewe huipima kwanza ikiwa tupu: yetu moja ilikuwa na ufa usioonekana, na ingekula mapanga mengine mangapi sijui.

Vipovu vikaisha. Likabaki baka moja kavu, kila mara mahali palepale, kando ya mbao nyepesi za balsa tunazoweka katikati ya ganda (kila panga ni maganda mawili yanayogundishwa). Nilikuwa nimezikata zikabakiza mwanya wa milimita 3 tu. Kwa rezini huo ni barabara kuu: inakimbia humo, inazunguka, inafika ukingoni kabla ya wenzake, na eneo la nyuma linabaki limezingirwa. Tulikata balsa upya zikabane, na wavu wa kusambazia rezini tukaukomesha sentimita 5 kabla ya ukingo ili rezini iliyo mbele ipunguze kasi na kufika yote pamoja.

Shina, lenye unene wa karibu sentimita 2, lilitaka hadena (dawa ya kugandisha epoksi) ya polepole, kwani epoksi hujipasha moto inapoganda na unene huzuia joto kutoka. Hilo nililijifunza kwa ndoo ya kilo 8 iliyofuka moshi mikononi mwangu. Sasa nachanganya kidogo kidogo.

Kipande kipya kilipochomwa kilitoa kioo asilimia 71. Panga lilishuka kutoka kilo 16.4 hadi 13.6, na matatu ya seti moja yalipishana gramu 110. Tulishangilia mapema. Kabla ya kugundisha maganda mawili, yule fundi alinishauri tujaribu kwanza kwa udongo laini uliofungwa kwenye plastiki, juu ya ule ukuta wa ndani unaounganisha maganda. Tulifunga kalibu, tukafungua, tukapima udongo uliobanwa: karibu milimita 8, mahali tulipotaka gundi ya milimita 3. Rezini ilipopungua, ganda nalo lilikuwa jembamba zaidi, na ukuta uliochorwa kwa maganda ya zamani haukufika tena juu. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, na gundi nene kiasi hicho hupasuka panga likianza kupinda na upepo. Kalibu ya ukuta ikabidi itengenezwe upya, milimita 5 zaidi kwa kimo, na seti tatu za maganda mazuri zikakaa rafuni mwezi mzima zikiisubiri.