Kochi: Pilipili Manga na Maji Yaliyoufungua Mji

Nilifika Fort Kochi, sehemu kongwe ya mji wa bandari wa Kochi, kusini magharibi mwa India, kwa njia ninayomshauri kila msafiri aifuate, yaani kwa boti ya umma inayovuka kutoka Ernakulam, upande wa bara wa mji, kwa nauli ya rupia chache tu, ikiwa imebeba wanafunzi, wauza samaki na akina mama waliotoka sokoni. Boti hupita kando ya Kisiwa cha Willingdon, ambacho sehemu yake kubwa ilifukiwa kwa udongo uliochimbwa kutoka sakafu ya bandari katika miaka ya 1920 na 1930, wakati mhandisi Mwingereza Robert Bristow alipokuwa akifungua mlango wa bandari kwa ajili ya meli kubwa. Ninaanza na jambo hili kwa sababu watu wengi huja Kochi wakifuata viungo na kuyaona maji kuwa mandhari tu, ilhali bila maji hayo viungo visingekuwa na soko hapa.

Kabla ya Kochi palikuwa na Muziris, bandari ya kale iliyouza pilipili manga kwa wafanyabiashara wa Roma, kaskazini kidogo ya hapa. Inaelezwa kwamba mwaka 1341 Mto Periyar ulifurika kwa kishindo, mchanga ukaziba njia za Muziris, na mkondo mpya wa maji ukapanua mlango wa bahari penye Kochi ya leo. Wafanyabiashara waliyafuata maji. Wareno walipofika mwanzoni mwa karne ya 16 waliikuta biashara tayari ipo, na waliowafuata, Waholanzi kisha Waingereza, waligombania mlango huohuo.

Mtaa wa Bazaar Road ulioko Mattancherry, jirani na Fort Kochi, umejipanga sambamba na maji, na ukiutazama vizuri unaona kwa nini: kila ghala lina mlango mmoja wa barabarani na mwingine wa majini, ambako mashua zilikuwa zikishusha magunia yaliyotoka bara. Harufu hukupokea kabla hujaona kitu. Kwanza ni tangawizi kavu, inayoitwa *chukku* kwa Kimalayalam, kisha iliki kutoka milima ya Idukki, na chini yake kuna harufu nzito ya magunia yenyewe. Katika ua wa ghala moja nilikuta tangawizi imeanikwa sakafu nzima, imepauka kwa chokaa, na wanawake wawili wakiipembua kipande kwa kipande wakiwa wamechuchumaa kivulini.

Mzee mmoja aliyevaa mundu, ile nguo nyeupe inayofungwa kiunoni kama kikoi, alinikaribisha dukani kwake na kunifundisha jinsi ya kuitambua pilipili manga njema. Alichota punje kiganjani, akazibonyeza kwa kidole gumba, kisha akazimimina kwenye bilauri ya maji. Punje zilizokomaa zilizama. Mbili tatu zilizobaki juu alizitoa na kunionyesha kwamba zilikuwa tupu ndani, akaongeza kwamba wachakachuaji huchanganya humo mbegu kavu za papai, ambazo kwa macho zinafanana mno na pilipili lakini kwa kawaida huelea. Alinieleza pia kwamba pilipili nyeusi na nyeupe ni tunda la mmea mmoja: nyeusi huchumwa ikiwa bado mbichi na kuanikwa juani hadi ngozi ikunjamane, ilhali nyeupe huachwa iive zaidi, ikalowekwa na kuvuliwa ngozi. Alipofika kwenye gunia la tatu alisema "manjal", nami nikamjibu papo hapo "manjano", kwa kuwa ndicho kilichokuwa mbele yetu. Alilirudia neno langu polepole, akatabasamu, akamwita mwanawe aje alisikie.

Inanihuzunisha kusema kwamba mtaa huu umepungukiwa. Iliki sasa hupigwa mnada kwa kompyuta huko huko karibu na mashamba, mizigo ya nje hupakiwa kwenye makontena katika gati la Vallarpadam, na maghala mengi yamegeuka maduka ya vitu vya kale na mikahawa. Karibu na Sinagogi ya Paradesi, iliyojengwa mwaka 1568, jumuiya ya Wayahudi waliokuwa wafanyabiashara wakubwa wa viungo imebaki jina tu, kwani walio wengi walihamia Israeli baada ya mwaka 1948.

Kutoka hapo niliteremka hadi Alappuzha, kusini, ili niyaone maji yenyewe. Ziwa la Vembanad ndilo refu kuliko yote India, na mifereji yake inaingia vijijini kama vichochoro. Hapa ndipo zilipo *kettuvallam*, mashua kubwa zilizokuwa zikibeba mpunga na viungo hadi Kochi na ambazo leo nyingi ni nyumba za watalii. Jina lake lina maana ya mashua iliyofungwa, kwa sababu mbao zake hushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja. Niliinama ndani ya moja, nikapitisha vidole kwenye mishono, nikaukumbuka mtepe wa Lamu, uliokuwa ukishonwa vivyo hivyo.

Mashamba ya mpunga ya Kuttanad, eneo la kando ya ziwa hilo, yako chini ya usawa wa bahari, kiasi kwamba ukiwa ndani ya boti unamtazama mkulima kutoka juu. Ili maji ya chumvi yasiingie, kizuizi cha Thanneermukkom hufungwa wakati wa kiangazi. Mpunga hunusurika, lakini wavuvi hulalamika kwamba samaki hawawezi kupanda, na maji yaliyotuama hujaa magugu. Gugu mojawapo wenyeji hulitia jina la Afrika, wakiliita *African payal*, ingawa asili yake ni Brazili. Nyumba za kuelea nazo huongeza mafuta na taka, na kwa maoni yangu idadi yake imeshazidi kile ambacho ziwa linaweza kustahimili.

Kwa hiyo siku ya pili sikukodi nyumba ya kuelea. Nilipanda boti ya serikali kutoka Alappuzha hadi Kottayam, mwendo wa takriban saa mbili na nusu, nikakaa kwenye benchi la mbao karibu na dirisha lisilo na kioo. Kila baada ya dakika chache tulisogea kwenye kijigati cha mawe, mtoto wa shule akaruka na mkoba wake, na kabla boti haijageuka alikuwa amekwishafika mlangoni kwao.