Sekunde Tano za Mjomba

Jumapili ya tarehe 3 Februari 2013 mjomba hakwenda kazini. Alikuwa ameomba ruhusa siku ileile Ravens, timu ya mpira wa Kimarekani ya Baltimore, walipofuzu kuingia fainali, na kwenye ghala alikofanya zamu za usiku wakamkubalia. Tulikaa wawili sebuleni kwake, Baltimore, sahani ya mihogo ya kukaanga katikati yetu, tukiwatazama Ravens wakimenyana na San Francisco kule New Orleans. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na mpira wa Kimarekani nilikuwa nimeanza kuupenda kwa njia ya mzunguko: nilikuwa nauandikia mchezo wa kompyuta.

Mchezo wenyewe haukuwa na picha. Makocha wawili mnakaa meza moja, kila mmoja anaandika namba ya mbinu yake kwenye karatasi bila mwenzake kuona, mnaziingiza, kisha programu inapiga bahati yake na kuandika kilichotokea: amekimbia yadi nne, pasi imedondoka, mpira umeporwa. Mjomba ndiye alikuwa mpinzani wangu pekee. Huyu ni mtu wa Tanga, aliyeishangilia Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988, na alipohamia Marekani alijifunza mchezo wa huko kwa bidii ileile, sheria moja baada ya nyingine.

Mwisho wa fainali ile ndio uliozaa kisa hiki. Zilibaki sekunde 12, Ravens wanaongoza 34 kwa 29, lakini wamebanwa karibu kabisa na mstari wao wa mwisho na jaribio lao ni la nne, la mwisho kabla ya kuukabidhi mpira kwa wapinzani. Nilitegemea mpigaji wao, Sam Koch, aupige mpira mbali upesi. Hakuupiga. Aliukumbatia akaanza kuzunguka nao ndani ya eneo lake la mwisho, wenzake wakimkinga, hadi akaishia kutoka nje ya mstari.

"Mjomba, huyu amechanganyikiwa?"

"Tazama saa, mjomba." Ndivyo tulivyoitana, yeye na mimi, kama ilivyo nyumbani.

Saa ilisomeka sekunde nne. Ile inaitwa sefti: mwenye mpira akikamatwa au akitoka nje akiwa ndani ya eneo lake la mwisho, wapinzani wanapata pointi 2. Ikawa 34 kwa 31. Ravens walikuwa wamelipa pointi mbili kununua sekunde nane. Kisha Koch akaja kusimama karibu na mstari wake wa yadi 20, yaani yadi 20 kutoka mstari wake wa mwisho, akaachia mpira toka mkononi na kuupiga juu sana. Ted Ginn akaudaka, akakimbia, akaangushwa, muda ukawa umekwisha. Ravens mabingwa. Mjomba alinikumbatia hadi miwani yangu ikapinda.

Jumamosi iliyofuata tukafungua kompyuta. Yeye Baltimore, mimi San Francisco. Ilipofika robo ya mwisho nilikuwa naongoza 24 kwa 19, sekunde 14 zimebaki, jaribio la nne, na mpira uko kwenye yadi yangu ya nne. Moyo ulinidunda. Nafasi kama ile sikuitarajia, na mbinu ya sefti nilikuwa nimeiongeza kwenye programu siku nne tu nyuma. Nikaandika namba yake. Programu ikamzungusha mpigaji wangu kwa sekunde tisa, akatoka nje. 24 kwa 21, sekunde tano.

Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umejifunza."

Nikabonyeza kitufe cha kupiga. Skrini ikaandika: mpira umezuiwa, Baltimore wameuokota, tachdauni, pointi sita. Baltimore 27, San Francisco 24. Mwisho wa mchezo.

Nililegea kwenye kiti. Mjomba hakushangilia. Alisogea karibu na skrini, akasoma mstari ule mara mbili.

"Umezuiwa na nani?"

"Na watu wako. Wamemvamia mpigaji."

"Wametokea wapi?"

Sikulielewa swali lake, na nikaitetea programu. Nilimwambia uwezekano wa mpira kuzuiwa ni mdogo lakini upo, na leo bahati imemwangukia yeye. Alisimama akaenda jikoni, akarudi na kopo la chumvi, vikombe sita na kijiko. Akaweka kijiko katikati ya meza. "Huu ndio mstari wako wa yadi 20. Huyu chumvi ni mpigaji wako. Mimi watu wangu nawaweka wapi?"

Nikasogeza vikombe vitatu hadi kwenye kijiko, ana kwa ana na vyangu.

Akavirudisha nyuma. "Hapana. Hapa, yadi 10 mbele yake, kwenye 30. Siruhusiwi kuuvuka mstari huu kabla hajapiga. Sasa niambie, kikombe kitafikaje kwenye chumvi?"

Hakingefika. Hapo nikaona nilichokifanya. Nilipoandika sefti nilikumbuka pointi mbili, nikakumbuka yadi 20, nikamwona Koch akipiga toka mkononi kama apigavyo siku zote kwenye jaribio la nne. Basi nikaita sehemu ileile ya programu inayoshughulikia mikwaju ya jaribio la nne, pamoja na wavamizi wake. Kwa macho mikwaju hiyo miwili inafanana. Kisheria ni ndugu wa mbali. Kwa sheria za wakati ule, huu wa baada ya sefti ulikuwa mkwaju huru, nao ulikuwa karibu zaidi na mkwaju wa kuanzisha mechi: wapinzani walikaa mbali, na mpigaji alichagua apige toka mkononi au mpira ukiwa chini, ila hakupewa kile kiegemeo cha plastiki cha kusimamishia mpira. Ndiyo maana karibu wote walichagua mkono.

Kilichokuwa kimenichanganya zaidi ni mazoea ya soka. Kwetu aliyefungwa goli anaanza na mpira katikati, ni wake. Huku aliyefungwa sefti ndiye anayeanzisha vilevile, lakini anaanzisha kwa kuutoa mpira kwa waliomfunga. Anapoteza mara mbili. Anachopata ni nafasi: kutoka kubanwa kwenye yadi ya nne anasogea hadi ya 20, na anapiga bila bughudha. Mjomba alinisimulia mechi ya Novemba 2003, New England ugenini Denver, nyuma 24 kwa 23 na wamekwama kwenye yadi yao ya kwanza. Walitoa sefti kwa makusudi ikawa 26 kwa 23, wakaupiga mpira mbali, wakaurudisha mikononi mwao na kushinda 30 kwa 26. Alisimulia akisogeza vikombe.

"Ushindi huu siutaki," alisema. "Tengeneza."

Nilitengeneza palepale, yeye akiwa amekaa pembeni na chai. Tukarudisha 24 kwa 21, sekunde tano. Mkwaju wangu ukaenda yadi 58, mtu wake akaudaka kwenye 22 yake, akakimbia hadi yadi yangu ya 44, akaangushwa. Nimeshinda. Mjomba akanipa mkono, akavaa koti la kazi. Mlangoni akageuka.

"Kama ningeudondosha, vijana wako wangeruhusiwa kuuokota?"

Nikafungua sheria nikasoma. Ndiyo: ukishavuka yadi 10, mpira ule ni wa yeyote atakayeuwahi. Kwenye programu yangu haikuwepo.

Akaondoka. Nilikaa mezani, vikombe bado vimepangwa, nikaandika kipande hicho kwa uangalifu kuliko kazi yoyote ya chuo. Saa nane usiku simu ikalia. Nyuma ya sauti yake nilisikia mashine za ghalani.

"Niko mapumziko. Umemaliza?"

"Nimemaliza, mjomba."

"Nina dakika kumi. Rudisha sekunde tano. Safari hii nyuma naweka wadakaji wawili."

Nikaandika wawili, nikamsomea skrini, na kubonyeza.