Nilivyoziweza Riwaya za Kutisha kwa Kuacha Kufuata Ushauri wa Watu

Kwa muda mrefu kila nilipouliza namna nzuri ya kusoma riwaya za kutisha nilipewa jibu lile lile, tena na watu wasio na shaka hata kidogo: subiri usiku uingie, zima taa zote isipokuwa ya kusomea, kaa peke yako, na usikiweke kitabu chini mpaka umekimaliza. Naamini ushauri huo umewakatisha wasomaji wengi tamaa, na naandika haya kwa sababu bado unatolewa. Leo nazisoma riwaya za kutisha na za taharuki bila kuruka kurasa, na nikiulizwa maoni nina la kusema zaidi ya kwamba ilinitisha au haikunitisha. Nimefika hapo kwa kufanya karibu kinyume cha kila nilichoambiwa.

Riwaya niliyoijaribu kwa mtindo huo wa usiku mmoja ilikuwa The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson, iliyotoka mwaka 1959. Saa za mwanzo nilikuwa nikiisikiliza nyumba niliyomo kuliko ile ya kitabuni, kwa maana giza na upweke humshughulisha mtu na mambo yake mwenyewe. Baadaye usingizi ulipoanza kunilemea, macho yalikimbilia mbele kutafuta pahala ambapo mzuka utajitokeza, na katika riwaya ile mzuka haujitokezi ukaonekana. Kulipopambazuka nilikuwa nimeimaliza, na maoni niliyobaki nayo ni kwamba hakuna lililotokea. Hayo ndiyo maoni ninayoyasikia mpaka leo kwa watu walioisoma kwa namna hiyo hiyo.

Nilipoirudia mchana, kidogo kidogo, nilikutana na tukio ambalo usiku ule lilinipita kabisa. Eleanor, mhusika mkuu, yumo gizani, anasikia sauti ikinong'ona upande wa pili wa ukuta, kisha kilio cha mtoto, naye ameushika mkono wa mwenzake Theodora kwa nguvu mpaka anaihisi mifupa ya vidole. Anajikaza, anapiga kelele, taa inawaka. Kumbe Theodora yuko kitandani kwake, ameshtuka, anamuuliza kuna nini. Hapo ndipo Eleanor anapojiuliza alikuwa ameushika mkono wa nani. Tazameni Jackson alivyolifanya jambo hilo: ule mkono hakuuingiza kwa kishindo, aliuweka tangu mwanzo kama faraja, nasi tukaukubali kwa kuwa Eleanor ameukubali. Msomaji anayekimbiza kurasa hawezi kuupata mtego huo, kwa sababu ili unase ni lazima kwanza awe ameutegemea mkono ule pamoja na Eleanor. Tangu siku hiyo riwaya za kutisha nazisoma mchana, na nikiona sentensi zinarefuka napunguza mwendo.

Ushauri wa pili uliokuwa ukinikera ni ule wa kwamba ukishajua mwisho, riwaya ya taharuki imekufa. Rebecca ya Daphne du Maurier, ya mwaka 1938, inaubatilisha tangu sura ya kwanza, kwa kuwa msimulizi anatueleza mapema kwamba jumba la Manderley limebaki gofu na kwamba yeye na mumewe hawatarudi huko. Kwa riwaya za namna hii nimejizoesha kuandika, kila ninapomaliza sura, sentensi moja kwenye kipande cha karatasi: ni nini ninachokijua mimi ambacho mhusika hakijui? Katika sehemu ya dansi ya mavazi, karatasi yangu ilisema kwamba Bi Danvers, msimamizi wa jumba, hawezi kumshauri bibi mpya jambo lolote kwa wema. Kwa hiyo binti huyo, ambaye hata jina lake hatulijui, alipoanza kushuka ngazi kwa furaha akiwa amevaa vazi aliloliiga kwenye picha ya ukutani kwa ushauri wa Bi Danvers, mimi nilikuwa nikitamani arudi juu. Alfred Hitchcock, aliyeifanya riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 1940, alimweleza mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, tofauti ya mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka bila watazamaji kujua, wanashtuka kwa sekunde chache tu, lakini wakijua lipo, mazungumzo ya kawaida kabisa yatawaweka roho juu kwa dakika kumi na tano. Karatasi zangu ndizo zinazonionyesha bomu lilipo, na sura ikipita nisiwe na la kuandika, najua mwandishi anategemea mshtuko.

Jambo ninalojivunia zaidi ni namna nilivyoisoma Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897. Niliambiwa niruke barua za Mina na Lucy, wasichana wawili marafiki, na niende moja kwa moja kwenye mnyonya damu. Lakini riwaya nzima imeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti, na karibu kila kipande kina tarehe yake, kuanzia tarehe 3 Mei hadi tarehe 6 Novemba. Niliziorodhesha tarehe zote kwenye daftari, kazi iliyonila jioni kadhaa, kisha nikawa nakisoma kila kipande siku yake inapofika, bila kwenda mbele hata kwa aya moja.

Mpangilio wa kitabu ukabadilika mikononi mwangu. Katika chapa, shajara ya Jonathan Harker, wakili kijana aliye mgeni ndani ya ngome ya mnyonya damu, Count Dracula, inaendelea mpaka tarehe 30 Juni, ndipo tunarudishwa nyuma kwenye barua ya Mina, mchumba wake, ya tarehe 9 Mei. Kwa kufuata tarehe, Lucy anaeleza kwa furaha jinsi alivyochumbiwa na wanaume watatu siku moja, huku Jonathan akiwa tayari amemwona mwenyeji wake akitambaa ukutani kichwa chini. Tarehe 19 Mei Count Dracula anamtaka aandike barua tatu za kwenda nyumbani na kuzitia tarehe za mbele: 12, 19 na 29 Juni. Jonathan anaelewa mara moja kwamba ameoneshwa kikomo cha maisha yake. Anayesoma kwa mkupuo anaipita aya hiyo na kusahau, lakini mimi nilizisubiri tarehe hizo zije. Ya 12 ikapita bila shajara, ya 19 vilevile, na ilipofika tarehe 29 Jonathan mwenyewe akaandika kwamba leo ndiyo tarehe ya barua ya mwisho. Baada ya tarehe 30 akanyamaza kabisa, na wiki zikapita nikiwa sijui alipo, kama Mina alivyokuwa hajui.

Katika ukimya huo ndipo inapokuja kumbukumbu ya nahodha wa meli ya Demeter, ambayo kitabuni imebanwa ndani ya habari moja ya gazeti ya mwezi Agosti. Mimi niliisoma kuanzia mwezi Julai, mistari michache kwa wakati: baharia mmoja haonekani, halafu mwingine, halafu nahodha mwenyewe anaanza kuogopa. Nilikuwa nimeshayaona yale masanduku ya udongo pamoja na Jonathan, kwa hiyo nilijua kilichomo melini, na sikuwa na namna ya kumwonya mtu yeyote.

Maoni yangu juu ya kitabu kizima si ya sifa tupu. Tangu mwezi Septemba mikutano ya kupanga msako inakuwa mingi mno, na Count aliyezungumza kwa madaha katika sura za mwanzo karibu hasikiki tena. Pambano la tarehe 6 Novemba, jua likizama, linamalizwa kwa kisu cha Jonathan na cha Quincey Morris, mmoja wa wasakaji wenzake, katika mistari michache, baada ya msomaji kungoja nusu mwaka. Wapo wanaoutetea mwisho huo wakisema adui wa namna ile hakustahili kupewa maneno ya kuagia. Mimi nashikilia kwamba Stoker aliharakisha, na kwamba sehemu iliyo bora ni ile inayokoma meli inapofika Whitby, bandari ya Uingereza, maiti ya nahodha ikiwa imefungwa kwenye usukani.