Haina mlango

Siku ya nne leo na bado namsikia yule fundi wa kompyuta. Kaipindua laptopu yangu juu ya kile kimeza chake pale Mlandege, kaipapasa tumbo kama mtu anayechagua papai, kisha kasema: "Dada, hii haina mlango."

Mlango gani tena?

"Za zamani zilikuwa na kimlango hapa chini. Unafungua, unachomoa RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, unatia nyengine. Hii yako GB 4 zimechomelewa kwenye bodi. Ndo hizohizo mpaka mwisho."

"Na kibodi je?" Herufi A imeng'oka, mnajua, naandika jina langu kwa kubandika.

"Imepigwa riveti, vipini vya chuma visivyofunguka, kwenye gamba. Utanunua gamba zima."

Nikasema ahsante. Ahsante ya nini? Ndio kwanza usiku majibu yananijia. Ningemwambia hii nimeinunua kwa pesa za harusi za Shaabani, mikono ya maharusi sijui mingapi, na nikaipenda kwa vile ni ya tachi na inakunjika, nikidhani nitachora maua ya hina kwa kalamu kwenye kioo kikubwa, kwa ileile apu ya kwenye simu. Windows 11, mfumo unaoendesha laptopu yangu, ilikuwa na njia yake ya kuendesha apu za Android, lakini ilitaka GB 8 kwa uchache. Mie nna 4. Na hiyo njia yenyewe Microsoft wameshaifunga tangu Machi 2025. Basi bado nachora kwenye simu, kioo kama kiganja cha mtoto, shingo inaniuma.

Wiki hii mdogo wangu kaposwa, umeme umekatika siku mbili, na mie nawaza mlango.

Jana nimemkuta Mama ameinamia cherehani ya marehemu bibi. Mkanda mpya, matone mawili ya mafuta, ikaanza kulia. Nikaona wivu, wallahi, wivu wa cherehani.

Usiku ndo nikaangukia Framework, kampuni ya Marekani. Wana laptopu ndogo ya mwaka 2025, inchi 12 na kidogo, ya tachi, inakunjika, inakubali kalamu. RAM unaitia mwenyewe, mpaka GB 48. Kibodi, betri, kioo, vyote wanauza kimoja kimoja. Nikakaa kitako. Toleo lao la Chromebook, laptopu ya mfumo wa Google, la 2022, ambalo apu za simu linaziendesha, halikuwa na tachi. Hii yenye tachi, apu mpaka utie Linux, mfumo mwengine badala ya Windows, halafu Waydroid, programu ya kuendeshea apu za Android, juu yake. Haikamiliki, lakini Linux naweza kujifunza. Riveti siwezi.

Nikamwonesha Mama picha. Hakuuliza bei (nashukuru). Kauliza: "Na bisibisi wanakupa?"

Imo ndani ya boksi, Mama! Nimecheka mpaka nikamwamsha mdogo wangu. Nishamwandikia binamu yangu wa Leicester, nimemuuliza begi lake la Disemba lina nafasi kiasi gani. Kajibu kwa kicheko tu, sijui ndio au siyo.

Asubuhi ya leo chai ilikuwa na chumvi. Mama kasema ni mdomo wangu. Nikateka ndoo nyengine kisimani, nikaonja kabla ya kuchemsha. Chumvi. Nikaenda kwa jirani kuonja na chake.